Kiti Kilichotazama Dirisha

Meza ilikuwa ya watu sita, na nyumba yenyewe ilikuwa ya watu watatu, tena wembamba. Kila aliyeingia kwa Kiema pale Kitengela aliigonga kwanza kwa paja ndipo akasalimia. Lakini ungemwambia nini? Mtu ameoa, amepata kazi ya kukata nguo kiwandani kule EPZ Athi River, mkewe Elsie anafundisha watoto wa nasari, wote wawili wanapokea mshahara, halafu wewe uende umwambie asinunue meza? Aliiagiza kwa Wainaina, fundi wa mbao mwenye kibanda kando ya barabara ya Namanga. Siku ilipoletwa kwa mkokoteni, majirani walitoka nje kuitazama utadhani ni bibi harusi anayefika. Ilikuja na viti sita. Kimoja, cha kichwani, kilikuwa na mikono miwili ya kuegemea, na hicho kilikuwa cha Kiema.

Usimwone kuwa alijisikia. Kiema alilelewa Makueni, nyumba ambayo baba alikula peke yake kwenye kigoda chake, na watoto wakala jikoni wakigombania sufuria moja gizani. Hakuwahi kumwona babake akitafuna. Basi alipokuwa mtu mzima alijiapiza kwamba watu wa nyumba yake watakula wakitazamana. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake yote, na kama kuna ndoto ndogo kuliko hiyo, mimi sijaisikia. Aliipata kwa miaka michache. Jioni alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha mikono, Elsie upande huu, binti yao Mukai upande ule, miguu ikining'inia, na githeri katikati.

Ndipo mama mkwe akaugua.

Aliitwa Nelima, mama yake Elsie, mjane wa huko Bungoma. Sukari ilikuwa imempanda hata miguu ikavimba na kidonda cha kidole kikakataa kupona. Daktari wa kule akasema aletwe karibu na hospitali kubwa za Nairobi, aanze sindano, na akae mahali ambapo mtu anaweza kumwangalia. Mtu mwenyewe ni nani? Ni Elsie. Na Elsie anakaa wapi? Kwa Kiema.

Hapo ndipo pakazuka shida, maana kwa kina Nelima mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono. Hawaongei ana kwa ana, maneno hupitia kwa binti. Na kuonana mkila, aka, hilo halitajwi hata kwa mzaha. Usidhani Kiema aliona ni upuzi. Yeye ni Mkamba, na kwao pia mtu akimwona mama mkwe anakuja njiani hupinda kichakani amwachie njia. Angekuwa mtu wa kabila lisilojua mambo haya, pengine angecheka, akamvuta mama kwa mkono, yakaisha. Lakini hawa wote wawili walikuwa wamelelewa, na kila mmoja alijua vizuri kabisa ni nini anachomwonea mwenzake haya.

Makokha, kaka mkubwa wa Elsie, alisimamia mazungumzo. Kiema akatoa mbuzi jike na blanketi zito, ndipo Nelima akaweza kuvuka mlango wa nyumba ya mkwewe na kulala humo, kwenye kijichumba cha Mukai. Kiema akauliza, na upande wa kula je? Makokha akamwambia kwa upole kwamba upande wa kula hakuna mbuzi.

Mwanzoni halikuwa tatizo kubwa. Kiema alitoka alfajiri kwenda kiwandani, akala mchana kulekule, akarudi giza likiingia. Asubuhi Elsie alikwenda kwa jirani yao Wahu kuchukua dawa, kwa sababu Wahu alikuwa na friji na wao hawakuwa nayo, akamdunga mama sindano, akamwekea uji mzito na nduma mezani, akakimbia kazini. Nelima alitoka chumbani polepole, akakaa, akala kwa nafasi yake. Jioni alikula mapema kabla mkwe hajarudi. Daktari alikuwa amemwambia Elsie neno moja, naye Elsie akalirudia kwa Kiema mara nyingi: ile sindano ikishaingia mwilini, chakula lazima kifuate. Asipokula, sukari itashuka, atatoka jasho, atatetemeka, atazimia. Na akizimia, mtu ampake sukari mdomoni upesi, la sivyo anaweza kwenda vivyo hivyo.

Kwa nini asile chakula chake chumbani, utauliza. Hata Elsie aliuliza. Nelima akasema kwao kula kitandani ni kwa mtu anayekufa, na yeye alikuja Kitengela kupona. Na kile kijichumba, ukishaweka kitanda, kiti hakiingii. Jikoni je? Jikoni palikuwa na jiko, sinki, na mahali pa mtu mmoja kusimama akiwa amebana tumbo. Basi ilibaki meza.

Mwaka wa 2005 ulipoanza, viwanda vya nguo vikaanza kufunga kimoja baada ya kingine. Kile cha Kiema hakikuaga hata. Watu walifika asubuhi wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo na askari hajui lolote. Kiema alirudi nyumbani mchana kweupe, akafungua mlango, na pale mezani, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, akamkuta mama mkwe wake.

Nelima alikidondosha kijiko. Kiema akageuka palepale akatoka nje, akaenda akajificha nyuma ya choo cha ploti, kile cha wapangaji wote. Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyelitaja jambo hilo. Lakini jioni ile Nelima hakula, na kesho yake alikula nusu tu.

Mwanamume asiye na kazi anakaa wapi? Anakaa nyumbani. Na Kiema akikaa nyumbani, mama mkwe hali chakula. Ndiyo hesabu aliyoikuta mbele yake, na kila alivyoigeuza ilitoa jibu lilelile. Akaanza kutoka kila saa za kula. Elsie alimwambia mama kwamba mumewe anatafuta vibarua, na kweli alivitafuta, lakini vibarua havikuwepo. Mara nyingi alikuwa amekaa tu kwa Wainaina juu ya gogo, akihesabiwa kuwa mteja, au amesimama kando ya ploti zisizojengwa akitazama ng'ombe wa mzee Simel wakitafuta nyasi. Mzee Simel alimsalimia kwa Kimaasai, *sopa*, naye akajibu, *epa*, na hapo mazungumzo yakaisha. Hakuna aliyemwuliza kwa nini mtu mzima amesimama juani saa za chakula.

Lakini huwezi kuishi nje. Kwa hivyo Kiema aliamua kuipanga nyumba upya, na hapo ndipo utamjua alikuwa mtu wa namna gani. Alianza na kile kiti cha mikono. Nelima, kwa sababu ya miguu yake, alikuwa akitaka kuinuka kwenye kiti cha kawaida anahangaika kama ndama aliyezaliwa jana, na Elsie akamwambia mumewe. Kiema akasema mama apewe kile cha mikono. Akapewa, naye akakaa siku kadhaa akishukuru, hadi Mukai, kwa kinywa chake cha mtoto, akamwambia bibi yake, "Kukhu, hiyo ni kiti ya baba." Basi. Bibi aliinuka hapo kama aliyekalia moto. Kukaa kwenye kiti cha mkwe! Hakukikaribia tena. Kiema akakibeba begani hadi kwa Wainaina na kiti kingine juu yake, akamsihi fundi ang'oe mikono ya kile cha kwanza aitie kwenye kile cha pili, ili kiti cha baba kisiwe tena na mikono, na chenye mikono kisiwe cha baba. Wainaina alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kazi aliifanya, na Nelima akakubali.

Halafu kukawa na njia. Kutoka kijichumba cha Mukai kwenda jikoni au nje chooni, lazima upite nyuma ya viti, ukiwa umegusa ukuta kwa mgongo na viti kwa tumbo. Kama Kiema amekaa mezani na mama anataka kupita, ingekuwa lazima amguse. Hilo haliwezekani. Kwa hivyo mama alijibana chumbani kwa masaa akingoja, na wewe unajua mtu wa sukari anavyokwenda haja. Kiema alipoligundua hilo aliona haya hata kumtazama mkewe. Siku hiyohiyo alitoa viti vitatu akampelekea Wahu amtunzie. Akamtolea na kochi la watu wawili. Kisha akaisukuma meza kwa bega, peke yake, akaitoa katikati ya chumba akaiegemeza upande wa mbele, chini ya dirisha linalotazama kibaraza. Njia ikafunguka, unaweza kupita na karai la nguo. Kile kiti cha mikono akakiweka upande wa ndani, kikitazama dirishani, mama apate mwanga, na mahali pa kunyoosha mguu wenye kidonda, na upepo kidogo. Elsie aliporudi kazini alisimama mlangoni akasema nyumba sasa inapumua. Kiema alijisikia vizuri, mara ya kwanza tangu geti lile lifungwe.

Ilibaki kelele. Sakafu ilikuwa ya simiti, na kile kiti kikivutwa kilipiga yowe la kusikika hadi kwa Wahu. Kwa Kiema yowe lile lilikuwa msaada. Akiwa nje mwisho wa kibaraza, mbali na dirisha, alisikia yowe la kwanza, akajua mama amekaa. Akasikia la pili, akajua mama ameinuka, na baada ya muda kidogo yeye angeweza kuingia. Lakini Nelima alimnong'onezea bintiye kwamba kiti kile kinamtangaza. Kila anapokaa kula, ploti nzima inajua, na mkwe pia anajua. Elsie alimwambia Kiema akicheka kidogo, kwa uchovu. Kiema hakucheka. Alichukua ndara zake kuukuu, akazikata vipande vinne, akavigongomea chini ya miguu ya kiti. Kiti kikanyamaza.

Kesho yake alisimama palepale mwisho wa kibaraza akingoja, akangoja, mpaka Mukai akarudi kutoka shule akamkuta amesimama bado. Mama alikuwa amemaliza zamani, amelala. Elsie aliposikia alimcheka mumewe mpaka machozi yakamtoka, na Kiema naye akacheka, kwa sababu ukiangalia vizuri ilikuwa ni kichekesho. Tangu hapo alijua kwamba kimya cha nyumba ile hakimwambii kitu.

Mvua za Aprili zikaja. Wewe kama hujakanyaga udongo mweusi wa Kitengela wakati wa mvua, huwezi kuelewa. Unavua kiatu na mguu unabaki na kiatu kingine cha matope. Asubuhi moja Kiema aliamka na homa, mifupa yote inamuuma, tena amechelewa. Elsie alikuwa ameshamdunga mama sindano, ameshaweka uji na nduma mezani na kufunika kwa kawa, anatafuta mwavuli mbio mbio. Alimgusa mumewe paji la uso, akamwambia alale tu. Halafu akakumbuka. Walitazamana. Kiema akamwambia nenda, nitatoka sasa hivi, na Elsie akamshika Mukai mkono wakaenda.

Kiema akavaa koti. Akasimama katikati ya sebule, akageukia mlango wa kijichumba, na kwa mara ya kwanza akasema na mama mkwe bila mtu katikati, kwa sababu hapakuwa na mtu.

"Mama, chakula iko mezani. Mimi natoka."

Hakujibiwa, wala hakutarajia kujibiwa. Akatoka akafunga mlango. Nje mvua ilikuwa inamwagika, ploti imegeuka ziwa, njia ya kwa Wainaina haionekani. Na mwili unatetemeka. Aende wapi? Akabaki kibarazani, chini ya mabati, mbele ya dirisha, mahali pekee ambapo mvua haikufika. Na kwa adabu aliyolelewa nayo, akaligeuzia dirisha mgongo. Akasimama hivyo, mikono mifukoni, akitazama maji.

Mvua juu ya mabati ilikuwa inapiga kelele hata asijisikie akikohoa. Alingoja muda ambao mtu anaweza kumaliza uji. Akangoja muda wa kumaliza nduma. Akaanza kufikiri. Akiingia sasa na mama bado anakula, ni mara ya pili, na mara ya kwanza ilimnyima mama chakula cha siku nzima. Na kama amemaliza amelala, basi yeye Kiema anapigwa na baridi bure kama siku ile ya ndara, na jioni Elsie atacheka tena. Akakohoa kwa nguvu, kule kukohoa kwa mtu anayetaka kujulikana yupo. Akapiga hodi ukutani kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka. Kimya. Lakini mtu mwenye chakula mdomoni haitiki hodi, kila mtu anajua hivyo.

Wasiwasi ukamshika. Akaruka madimbwi mpaka mlango wa Wahu, amwombe aingie amtazamie mama, mwanamke kwa mwanamke. Mlango ulikuwa na kufuli. Wahu alikuwa ameenda sokoni. Akaita kwenye nyumba ya mwisho, hakuna. Watu wote wa ploti walikuwa kazini, amebaki yeye, asiye na kazi, na mgonjwa. Alirudi kibarazani amelowa chapachapa, akaushika mkono wa mlango, akauachilia. Akaushika tena. Hebu mwone mtu huyo, mtu mzima mwenye mke na mtoto, amesimama mbele ya mlango wa nyumba anayoilipia kodi, anaogopa kuufungua.

Akafungua. Aliingia akitazama chini, kwa hivyo alichokiona kwanza ni miguu ya kiti na vile vipande vya ndara. Kisha akaona leso. Kisha mkono. Nelima alikuwa ameteleza kutoka kitini akaanguka kati ya kiti na meza, pale Kiema alipomwachia nafasi ya kunyoosha mguu. Jasho limemlowesha kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye mvua. Na mezani kawa ilikuwa imefunuliwa, kijiko kikavu, uji umefanya ngozi juu, nzima, haijatobolewa.

Hakukuwa na mtu wa kumwita. Kiema alipiga magoti, akamshika mama mkwe wake chini ya makwapa, mwili ambao hakuwahi kuugusa hata kwa salamu, akamvuta, akakilaza kichwa chake mapajani. Akachota sukari kwenye kopo, akailowesha uji, akafungua ule mdomo kwa vidole vyake na kuipaka ndani, kwenye fizi, chini ya ulimi, akapaka tena na tena. Alikuwa analia kwa sauti. Alikuwa anaomba msamaha kwa Kikamba, lugha ambayo mama yule hakuijua hata neno.

Baada ya muda macho yakafunguka. Yakazunguka, yakatafuta, yakauona uso ulio juu yake, na kidole cha nani kilikuwa mdomoni. Hakuwa na nguvu ya kuinuka. Nguvu kidogo aliyokuwa nayo aliitumia kuvuta leso akafunika mdomo wake.

Elsie aliitwa, Wahu akaja, gari likatafutwa, hospitalini wakasema mgonjwa ana bahati, aliyempa sukari amemwokoa. Kila mtu alimpongeza Kiema. Wahu alimsifu mbele za watu. Yeye hakuinua kichwa. Alikuwa ameuona ule mkono ukivuta leso, wao hawakuuona.

Nelima alirudi Kitengela siku chache tu, akamwambia bintiye anataka kwenda nyumbani. Elsie alilia, akasihi, akamkumbusha kidonda, sindano, daktari. Kule hakuna friji ya Wahu, mama. Kule nani atakudunga? Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kwa upole kama anajua mwanamke aliyelala mapajani kwa mkwe wake anaishi vipi tena chini ya paa la huyo mkwe. Elsie akampigia Makokha simu, naye Makokha akafika. Kiema alimvuta kando akamwuliza kama ng'ombe wawili, kama watatu, kama chochote kinaweza kulirekebisha. Mkononi hakuwa na hata kuku. Makokha alimshika bega. Akasema, "Shemeji, hujakosa kitu. Ndiyo maana hakuna cha kulipa."

Asubuhi ya kuondoka Kiema alikuwa ameshatoka mapema, kama kawaida yake, amesimama huko kando ya ua. Elsie akaja kumwita. Mama anakutaka, akasema, na uso wake mwenyewe ulikuwa wa mshangao. Kiema akafuata nyuma.

Nelima alikuwa amekaa mezani kwenye kiti cha mikono, amevaa nguo za safari. Sahani mbili zilikuwa mezani, ya pili ikiwa kwenye kichwa cha meza, mbele ya kiti kisichokuwa na mikono. Hakumwambia Elsie amwambie. Alisema mwenyewe, akitazama kitambaa cha meza.

"Siku ile nilikaa nile. Nilikuwa naona mgongo wako hapo dirishani. Nikasema nitangoja kidogo, atasogea."

Kiema alitazama dirisha. Akatazama kiti. Meza ile aliisukuma yeye, kwa bega lake, kiti kile alikiweka yeye, kielekee pale. Na yeye huko nje alikuwa anangoja mama amalize.

"Kaa ule, Baba Mukai," Nelima akasema. "Sasa hakuna kilichobaki cha kuficha."

Kiema akavuta kiti akakaa. Ndiyo hiyo ndoto yake aliyoiapia Makueni, watu wa nyumba yake mezani wakitazamana, na sasa amepewa. Elsie akamimina chai. Wakakaa wote wawili, mkwe na mama mkwe, mikono kandokando ya sahani. Nelima akashika kipande cha nduma, akakiinua, akakirudisha. Kiema akashika kikombe, hakikufika mdomoni. Chai ilipoa mbele yao, hadi Makokha akabisha mlango akasema basi la Bungoma halingoji mtu. Chakula kile alikula Mukai jioni.

Kule nyumbani Nelima alikula vizuri, Makokha alisema hivyo kila alipopiga simu. Anakula kwa hamu, peke yake, jikoni kwake, kwenye kigoda. Dawa ilikaa kwenye chungu cha maji na joto likaiharibu, na kidonda kikapanda mguuni. Kabla ya Krismasi alifariki. Kwenye mazishi Kiema alikaa mbali, mahali pa wakwe, na alipoletewa chakula alikipokea kwa mikono miwili akampa mtu aliyekaa karibu naye.

Waliporudi Kitengela, Wahu alirudisha kochi na vile viti vitatu. Elsie alivipanga akairudisha meza katikati, kwa sababu sasa hakuna wa kupita nyuma ya viti kwa tabu. Jioni akapakua ugali na sukuma. Mukai akakaa mahali pake. Kiema alinawa, akachukua sahani yake, akafungua mlango, akatoka nayo kibarazani.

Elsie alidhani anafuata hewa. Akangoja. Alipoinua macho aliona mgongo wake pale dirishani, umeigeukia nyumba, sahani mkononi, chakula hajakigusa. Akamwita, mara ya kwanza hakusikia. Akainuka akaenda hadi mlangoni.

"Rudi ndani, Baba Mukai," akamwambia. "Hakuna mtu."

"Najua," Kiema akasema, na hakugeuka.